Damu ya Mbuzi Kumi na Mmoja

Saa moja asubuhi Inspekta alikuwa amemkamata mbuzi kwa pembe zote mbili, na mbuzi ndiye aliyekuwa akimburuta yeye.

"Mshike kidevu, Afande, achana na pembe," alisema Mama Matone bila kuinua macho. "Ukimshika pembe anadhani umekuja kupigana."

Inspekta akashusha mikono, akamshika kidevu. Mbuzi akatulia tuli. Mama Matone akapapasa shingo, akaubana mshipa kwa kidole gumba, akachoma mara moja tu, na damu ikapanda kwenye kichupa bila purukushani yoyote.

"Huyo wa thelathini na nne," alisema. "Wamekwisha."

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushei, koti lake jeupe limefuliwa mpaka kola imechakaa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la ajira, lakini kituo kizima cha utafiti wa mifugo kilimwita Mama Matone, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kudondosha tone la damu hapa na tone la dawa pale, kisha kukaa chonjo aone kitakachotokea.

Yadi waliyokuwamo ilikuwa ya mfugaji aliyeitwa Ndevu, na ukimwona hukuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitabasamu. Mbuzi wake wote walikuwa wa kahawia, na sikio la kushoto la kila mmoja lilikuwa limekatwa nusu. Vidonda vilikuwa bado vibichi.

"Alama yangu hiyo," alisema Ndevu kabla hajaulizwa. "Kila mfugaji ana yake."

"Umeanza lini kuwatia alama?" aliuliza Inspekta.

"Kama wiki mbili hivi."

"Na sikio la kushoto ndilo mbuzi wa kituo wanalovalia hereni ya namba."

"Hilo waulize wa kituo, Afande. Mimi sivai hereni."

Inspekta hakucheka. Siku kumi na nane nyuma, alfajiri ya mvua kubwa, mbuzi kumi na mmoja walitoweka kwenye zizi la kituo. Walikuwa miongoni mwa arobaini waliokuwa kwenye jaribio la chanjo ya ugonjwa wa mapafu, ule unaoanza kwa kikohozi na kulimaliza zizi zima kabla mwenyewe hajajua ampigie nani simu. Ishirini walichomwa chanjo, mara mbili. Ishirini walichomwa maji ya chumvi matupu, ili walinganishwe na wenzao. Wote walilala zizi moja, wote walivaa hereni za manjano. Nani kapata nini, hilo liliandikwa kwenye orodha iliyofungiwa kabatini kwa Profesa, mkuu wa kituo, mpaka jaribio liishe.

Kufuli la zizi halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao msimamizi wa mazizi, ambaye siku hiyo alilala kwa shemeji yake, na nyumba nzima ilimshuhudia. Wa pili alikuwa nao mlinzi, ambaye hakuwa na shahidi isipokuwa mvua. Mlinzi alikuwa mahabusu tangu siku hiyo. Na mlinzi huyo alikuwa mdogo wake Mama Matone, wa tumbo moja.

Hakimu alikuwa amewapa polisi mpaka leo saa kumi alasiri. Ikifika saa hiyo bila ushahidi kwamba mbuzi wa kituo wamo yadini, Ndevu anaachiwa mbuzi wake wote, na anayebaki na kesi ni mlinzi peke yake.

Walipofika kwenye gari Inspekta alisimama, mkono juu ya mlango.

"Naweza kumleta mpimaji mwingine," alisema. "Mtu asiye na ndugu ndani ya jambo hili."

"Atafika lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi hatafika." Mama Matone aliweka sanduku la vichupa kwenye kiti, akalifunga mkanda kama mtoto. "Nifunge macho, Afande. Mikono niachie."

* * *

Inspekta alimfunga macho kwa namna yake. Kwenye ofisi ya Profesa, mlango umefungwa, alibandua karatasi zote za vichupa thelathini na vinne. Profesa akaleta vingine kumi vya mbuzi waliobaki kituoni: watano wa chanjo, watano wa maji ya chumvi. Inspekta akavichanganya vyote arobaini na vinne kwenye beseni kama mtu anayechanganya karata, akavipa namba mpya, akaandika ufunguo wa namba hizo kwenye karatasi, akaitia bahasha, akaifunga kwa gundi na muhuri.

Bahasha hakuishika yeye. Alimpa daktari wa mifugo ambaye Ndevu alikuja naye awe jicho lake. Alikuwa kijana nadhifu mwenye shahada mbili, na alivaa tai hata zizini, kwa hiyo askari walikuwa wamekwisha kumwita Daktari Tai.

"Itie mfukoni mwako," Inspekta alimwambia. "Usiifungue mpaka nikwambie."

"Na huyu mama akikosea mbuzi wa kituo chake mwenyewe?"

"Basi tutajua kwamba hajui kupima, na twende zetu nyumbani."

Daktari Tai akaitia bahasha mfuko wa ndani wa koti.

Msimamizi wa mazizi alikuwa ameegemea fremu ya mlango wa maabara. Alikuwa mtu mrefu mwenye heshima zake, buti safi, kalamu tatu mfukoni.

"Mimi nilisema tangu siku ya kwanza, Inspekta. Mwenye ufunguo ndiye mwenye jibu."

"Wewe pia una ufunguo."

"Ufunguo wangu ulilala nami kwa shemeji."

"Na hawa mbuzi, ulijua yupi kachanjwa na yupi bado?"

"Nitajuaje? Hata Profesa mwenyewe hatuambii. Sisi ni wa kukamata miguu tu."

Inspekta akaandika maneno hayo kama yalivyo.

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, jokofu linalovuma, na meza ya vigae ambayo ukingo wake ulikuwa umelika pale mkono wa mtu mmoja ulipoegemea miaka yote hiyo. Mama Matone aliizungusha damu kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu. Kisha akatoa sahani mbili za plastiki, kila moja ina vishimo tisini na sita, na akaanza kudondosha. Pipeti mkononi mwake ilikwenda kama cherehani.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa mtaani," alisema Inspekta.

"Nawe ni wa wapi?" Mama Matone alitabasamu kidogo. "Haya. Mdudu wa ugonjwa akiingia mwilini, ama chanjo yake ikiingia, mwili unatengeneza pingu za saizi yake. Hizo pingu ndizo kingamwili. Zinabaki kwenye damu miezi kadhaa. Chini ya kila kishimo nimegandisha vipande vya yule mdudu. Damu ikiwa na pingu zake, zitamkamata. Ikiwa hazimo, zitaoshwa na maji. Mwishoni naweka dawa ya rangi. Penye pingu panageuka manjano."

"Na pasipo?"

"Panabaki maji tu. Hapana la kubishania hapo, macho yako yatakwambia."

* * *

Saa sita na dakika kumi sahani ya kwanza iligeuka rangi. Watu watano waliinama juu yake: Inspekta, Profesa, Daktari Tai, msimamizi, na Ndevu ambaye hakuna aliyemkaribisha. Mama Matone alihesabu kwa sauti, kidole kikipita juu ya vishimo bila kuvigusa.

"Ishirini na nne," alisema.

Daktari Tai ndiye aliyepiga hesabu kwanza.

"Watano wa chanjo mmewaweka nyie wenyewe. Wanabaki kumi na tisa. Mbuzi walioibwa ni kumi na mmoja, si kumi na tisa."

Ndevu alicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Sasa mmenizidishia mbuzi! Kumi na tisa! Kwa hesabu hii mpaka jioni na mimi mwenyewe nitakuwa wa kituo."

"Mbuzi wako wamewahi kukohoa?" Inspekta alimuuliza.

"Nani ambaye mbuzi wake hawakukohoa mwaka huu? Mimi nimezika sitini. Waliopona wamepona."

"Basi waliopona nao wana pingu," alisema Daktari Tai kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Inspekta, kipimo hiki hakiwezi kumtenga aliyechanjwa na aliyeugua. Samahani, mama."

Profesa alivua miwani. Akamvuta Mama Matone pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na Inspekta alisikia kila neno.

"Dada yangu, kuna vishimo pale vina manjano hafifu sana. Nane hivi. Mtu angeweza kuvisoma kuwa si kitu. Hakuna ambaye angekulaumu, leo hasa."

"Wewe ungevisomaje, Profesa?"

Profesa aliirudisha miwani usoni.

"Afande," Mama Matone alisema kwa sauti ya chumba kizima, "andika ishirini na nne. Hafifu ni manjano. Sijapata kuisoma sahani kwa ajili ya mtu, sitaanza na mdogo wangu."

Inspekta akaandika. Halafu akainua kalamu.

"Asubuhi ulitoa sahani mbili."

"Ndiyo."

"Hii moja."

"Ndiyo." Mama Matone alikuwa amekwisha rudi mezani, anaosha. "Nashangaa watu wanashangilia na mimi hata sijaketi. Chanjo hii imeundwa iuzwe nchi nyingi, Afande, kwa hiyo ndani yake mna wadudu wawili waliouawa. Wa kwanza ndiye huyu wetu, anayekohoza mbuzi kila msimu. Wa pili hayupo huku. Sahani ya pili ni yake."

"Hayupo, nani kasema?" aliuliza Daktari Tai.

Mama Matone alinyoosha kidole bila kugeuka. Kwenye rafu ya juu, kutoka ukuta hadi ukuta, yalipangwa madaftari ya jalada gumu, migongo imeandikwa miaka kwa mkono mmoja.

"Vuta lolote. Mbuzi elfu tisa na zaidi, kutoka kila upande wa nchi hii, kila mmoja nimempima wadudu wote wawili. Ukimpata mmoja tu asiyechanjwa mwenye pingu za yule wa pili, nitavua koti hili nikupe."

Daktari Tai alivuta daftari moja. Kisha la pili. Aliposhika la tano alikuwa ameketi juu ya kigoda, tai imelegea, anasoma kama mtu aliyepewa barua. Ndevu alimwita mara mbili atoke waende wakale. Hakusikia.

* * *

Saa nane kasorobo sahani ya pili ilianza kugeuka. Safari hii hapakuwa na vishimo hafifu. Palipokuwa na manjano palikuwa na manjano kama kiini cha yai, na kwingine kote maji.

"Kumi na sita," alisema Mama Matone, akapisha. "Hesabuni wenyewe."

Walihesabu. Kumi na sita.

"Bahasha," alisema Inspekta.

Daktari Tai akaitoa, akamwonyesha kila mtu muhuri, akaichana. Alisoma namba moja moja na Inspekta akazitia alama. Watano wa chanjo wa kituo: wote manjano. Watano wa maji ya chumvi: wote maji. Waliobaki wenye manjano walikuwa wa yadi ya Ndevu, na walikuwa kumi na mmoja. Hakuzidi mmoja, hakupungua mmoja.

Daktari Tai aliikunja karatasi taratibu. "Bwana mkubwa," alimwambia Ndevu, "mimi hapa sina la kukusaidia."

Profesa alikuwa anapiga makofi peke yake, macho yamemjaa maji. Inspekta hakupiga. Alikuwa anaitazama ile namba kumi na moja kwenye daftari lake, kalamu ikigonga taratibu.

"Profesa. Mbuzi arobaini, nusu kwa nusu, zizi moja, hereni rangi moja. Mwizi anayejikamatia tu kwenye mvua akachukua kumi na mmoja, wangapi watakuwa wa chanjo?"

"Watano. Sita."

"Na wa maji ya chumvi wasingeonekana kwenye sahani hii."

"Wasingeonekana."

"Basi tungeona watano au sita. Tumeona kumi na mmoja." Akafunga daftari. "Hakujikamatia. Alichagua. Naomba orodha yako."

Profesa alikwenda kufungua kabati. Inspekta alimsomea namba za mbuzi walioibwa, naye akajibu kwa kidole juu ya orodha: chanjo, chanjo, chanjo, mara kumi na moja, na kila mara sauti yake ikashuka.

"Nani mwingine ameiona karatasi hii?"

"Hakuna. Naapa."

"Nani aliyejaza sindano siku ya kuchanja?"

"Msimamizi. Lakini chupa zote nilizifunga karatasi nyeusi, Inspekta. Zilikuwa sawa kabisa. Mimi nilisimama kando nikiandika namba."

"Zimebaki?"

Zilikuwa jokofuni, mbili, zimefungwa vilevile. Inspekta alichukua sindano mpya mbili, akavuta kutoka kila chupa, akaziinua dirishani. Moja ilikuwa nyeupe kama maziwa. Nyingine ilikuwa angavu kama maji ya kunywa.

Profesa aliketi chini bila kutafuta kiti, akaangukia juu ya sanduku la glavu.

* * *

Msimamizi aliitwa kwenye ofisi saa tisa kamili. Alikuta meza tupu yenye sindano mbili juu yake, zote zimefunikwa kofia. Inspekta alimwonyesha kiti.

"Una mbuzi nyumbani?"

"Wachache."

"Wanakohoa?"

"Wa jirani wanakohoa. Wangu bado."

"Nataka kuwasaidia. Chagua sindano moja, nimpe Profesa akuchomee."

Macho ya msimamizi yalikwenda kwenye ile nyeupe kabla ya mkono. Mkono ulifuata, ukafika nusu ya meza, ukasimama hapo. Kisha aliurudisha mapajani, akaufunika na wa pili.

"Asubuhi ulisema nyie ni wa kukamata miguu tu," Inspekta alisema. "Nimeandika. Nisome?"

"Usisome."

"Mlinzi anakaa langoni, hajapata kuiona sindano hata moja. Mtu aliyechagua mbuzi wale alizijaza kwa mkono wake. Wewe ulilala kwa shemeji, na nakuamini. Sasa niambie ufunguo ulilala wapi."

Alipofunguliwa Ndevu mlango wa pili hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa amekwisha kukaa na askari nusu saa na cheko limemwisha.

"Alinipa ufunguo na karatasi ya namba kumi na moja," alisema, akimtazama msimamizi. "Akaniambia, hawa hawatakohoa tena. Akataka nikianza zizi jipya tuwe washirika. Nimezika sitini, Inspekta. Sitini! Mtu akikwambia kuna mbuzi wasiokufa utafanyaje?"

"Ningekuja kuomba chanjo," alisema Inspekta, na akamsukumia karatasi ya maelezo.

Saa kumi kasoro dakika ishirini ripoti ilikuwa mezani imepigwa chapa. Palikuwa na nafasi ya sahihi ya mpimaji, na Mama Matone akatia yake, ndogo, iliyonyooka. Daktari Tai akaomba kalamu. Hakuna aliyekuwa amemtaka asaini. Aliandika chini yake, "Nimeshuhudia kila hatua," akatia sahihi, kisha akainuka.

"Mama, niwie radhi kuuliza. Ulisomea wapi?"

"Hapa," alisema Mama Matone, kiganja juu ya ukingo wa meza ulioliwa. "Nilianza nikiosha vichupa."

"Ningependa kuja kuosha vichupa," alisema Daktari Tai, na hakuwa anatania.

* * *

Inspekta mwenyewe alimpeleka Mama Matone kwa gari, na ripoti ikafika kwa hakimu dakika nane kabla ya muda. Kwenye kaunta ya polisi mlinzi alitolewa akiwa amekonda, viatu vyake mkononi. Alipomwona dada yake alisimama, akavaa viatu kwanza, akafunga kamba zote mbili vizuri, kwa maana hakutaka aonekane mbele yake ovyo. Kisha akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wake, naye akamshika kichwa kwa mikono miwili.

Askari wa zamu alikuwa amekwisha sikia habari. "Huyu ndiye yule mama wa matone?" aliuliza, akasimama. Na wenzake wawili waliokuwa wamekaa nyuma nao wakasimama. Inspekta hakuwa amewaamuru, na aliliona hilo, na akanyoosha mgongo.

"Dada," alisema mlinzi, "watu wote humu ndani walijua ni mimi. Wewe ulijua tangu mwanzo kwamba si mimi?"

Mama Matone alimtengeneza kola ya shati.

"Sikujua," alisema. "Nilipima."